Kitanda kipya cha 6 kwa 6, mume kahamia sebuleni na mkeka. Nimekosea wapi?

MamaPacha_Chuno

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye utani wao wasubiri angalau ukurasa wa pili.

Nipo Mtwara mjini, huku Chuno. Baada ya malipo ya korosho nilimshikia bango mzee tuachane na kitanda cha 4 kwa 6 tulichoanzia maisha. Akakubali. Nikachukua seti nzima: kitanda cha sofa 6 kwa 6, godoro la inchi 10, kabati la milango minne na dresingi tebo yenye kioo cha kunionyesha kuanzia kilemba hadi kisigino. Siku ya kushusha, majirani wote walikuwa barazani.

Sasa ni wiki ya tatu na hatulali. Joto la Desemba mnalijua, lakini hili la chumbani limezidi la nje. Nikishtuka saa nane usiku mgongo umelowa na kichwa kizito. Mzee kavumilia siku nne, ya tano kabeba mkeka na mto, kahamia sebuleni. Anasema kile siyo chumba, ni stoo yenye kitanda. Watoto wameanza kuuliza.

Nibadili godoro? Niongeze feni? Pesa imeshakata, kwa hiyo msinitajie vitu vya laki tano.

KoroshoMbichi

Nimeshindwa kusubiri ukurasa wa pili. Mzee yuko sahihi, mkeka haujawahi kumkosea mtu.

UpepoWaMsimbati

Funga AC, mjadala umeisha.

MamaPacha_Chuno

@UpepoWaMsimbati na luku utaninunulia wewe?

FundiMbao_Ligula

Dada, bila vipimo tutakupigia ramli. Chukua futikamba upime chumba. Kitanda kipime kwa nje, siyo godoro. Halafu taja madirisha yapo pande zipi, na jua la jioni linapiga ukuta upi.

MamaPacha_Chuno

Nimepima na mwanangu. Kaskazini kwenda kusini ni futi 11, mashariki kwenda magharibi futi 10. Kitanda kwa nje kina upana wa futi 6 na nusu, urefu futi 7 na nusu kwa sababu ya yale masofa ya kichwani na miguuni. Kabati futi 5, kina chake futi 2.

Kichwa cha kitanda kipo ukuta wa magharibi. Huo hauna dirisha, na jua linaupiga mpaka linazama. Mlango upo mashariki, kwenye kona ya kaskazini. Dirisha kubwa lipo kusini, ndipo kabati lilipokaa maana halikupata kwingine. Dogo lipo kaskazini, na mbele yake kuna dresingi. Dresingi imegusana na kitanda, kwa hiyo kitanda ndicho kiti chake. Mlango wa chumba nao unagonga sofa la miguuni, tunaingia ubavu ubavu.

KoroshoMbichi

"Tunaingia ubavu ubavu." Kwenye chumba chenu wenyewe!

FundiMbao_Ligula

Haya, sasa tunaongea. Dada, godoro bado sijalilaumu. Twende na hesabu kwanza.

Una futi 11. Toa kitanda 6 na nusu, toa kabati 2, toa dresingi yako ambayo naikadiria futi 1 na robo. Kimebaki nini? Inchi 15 kati ya kabati na kitanda. Mlango mmoja wa hilo kabati una inchi 15. Ina maana ukifungua kabati unakuwa umekaa kitandani. Hiyo ndiyo stoo anayosema mzee.

Pili, upepo. Kuanzia Novemba mpaka Machi tunapuliziwa na kaskazi, unatokea kaskazini-mashariki. Kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, unatokea kusini-mashariki. Nyumba yako aliyeijenga alijua, akakuachia dirisha huku na dirisha huku. Upepo hauingii chumba kisicho na pa kutokea. Wewe la kuingilia umeliwekea kioo, la kutokea umeliwekea kabati. Feni hapo inazungusha joto lile lile.

Tatu, na hili watu wengi hawalioni, ukuta wa tofali za saruji unakunywa jua mchana kutwa, usiku unalitapika. Saa tatu usiku nenda ukaushike kwa kiganja, halafu ushike wa mashariki. Mmelaza vichwa kwenye jiko.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Dresingi itoke chumbani kabisa. Kabati liende ukuta wa magharibi, kona ya kaskazini, liwe kama ngao ya lile joto. Usiligandishe ukutani, acha inchi 2, maana chumvi na unyevu wa hapa ukikwama nyuma ya kabati la bodi utaona ukungu masika, na bodi ikishavimba skrubu hazishiki tena. Kitanda kigeuze, kichwa kiwe mashariki, kusini mwa mlango. Ukiutoa mlango wa futi 3 unabaki na futi 8, kitanda kinakaa na nafasi ya futi 1 na nusu inabaki upande wa dirisha.

Tatizo ni urefu. Lile sofa la miguuni litolewe, seremala akuwekee ubao wa kawaida na tendegu mbili. La kichwani libaki kama linakupendeza, ingawa mimi vitanda vya sofa sivipendi kwa miji ya pwani: vumbi, jasho, na kunguni akiingia humo humtoi. Ukilikata la miguuni, kati ya kitanda na kabati zinabaki inchi 16. Milango miwili ya kabati itafunguka kwenye nafasi wazi, miwili itapita kwa taabu. Hapo weka shuka za wageni.

Dada_wa_Mingoyo

Fundi, mlango upande mmoja, dirisha upande wa pili, kichwa katikati? Mtoto akifungua mlango usiku anakukuta usoni. Kwa nini kichwa kisiende chini ya dirisha la kusini, upepo ukapiga moja kwa moja?

FundiMbao_Ligula

Dada wa Mingoyo, kulala kichwa dirishani ni kutamu mpaka siku utakapoamka simu haipo na wavu umechanwa. Vijana wanavua kwa fito yenye ndoano, nondo haziwazuii. Na mvua ikija ya ubavu, mto ndio unaolowa kwanza. Mlango nakubaliana na wewe kidogo, lakini apachike pazia.

NesiWaLindi

Nimesoma vyote, ni vizuri. Mimi nina swali moja tu. Godoro mmelitoa nailoni?

MamaPacha_Chuno

…

Mzee alisema tuiache, watoto wasije wakalimwagia chai.

KoroshoMbichi

🤣🤣🤣 Halafu ni yeye aliyekimbilia mkeka!

UpepoWaMsimbati

Naifuta AC yangu.

NesiWaLindi

Msicheke, nyumba nyingi ziko hivyo. Nailoni ni ya kusafirishia. Mwili unapoanza kulala unajipoza kwa kutoa joto na jasho kupitia ngozi, sasa jasho likishuka shukani linakuta nailoni, halina pa kwenda, linabaki chini yako. Toeni leo leo. Kama mnaogopa chai, shoneni foronya ya godoro ya kitambaa cha pamba yenye zipu, mtaifua.

Na inua godoro utazame chini. Kama wamekuwekea plaiwudi nzima badala ya chaga, itobolewe au iwekwe chaga zilizoachana vidole vitatu hivi. Godoro nalo linapumua. Juani usilianike kutwa nzima, siku yenye upepo lisimamishe ukutani kwa muda wa saa mbili au tatu.

Lingine ni chandarua. Hujakitaja, na huku kwetu kusini malaria bado ipo. Kwenye vitanda vya sofa watu wanaacha kukichomekea kwa sababu ya lile sofa, kinaning'inia tu kama pazia la harusi. Kukiwa na chandarua, feni ya chini ikae usawa wa miguu. Pangaboi inapoteza nguvu nyingi kwenye kitambaa.

BibiMikindani

Wanangu, mimi mkubwa kuliko nyote humu, nimeandikiwa na mjukuu. Sisi tulilala vitanda vya kamba, juu mkeka, juu godoro la sufi. Kamba ikilegea, mnateremka mnakaza, ndiyo maana vikaitwa teremka tukaze. Upepo ulipita mpaka chini ya mgongo. Hamkununua feni.

Fundi amesema mchago uende mashariki kwa ajili ya jua. Mimi nasema huko huko kwa sababu nyingine. Hapa kwetu Mtwara kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Mwenye mchago mashariki akilala kwa ubavu wa kulia, kama tulivyofundishwa, uso unaelekea kibla, na miguu haiko huko. Baba yangu hakuweka kitanda vingine, na hakuwa seremala.

Kile kioo mwanangu kitoe. Ukigeuka usiku ukajiona, moyo unaruka.

FundiMbao_Ligula

Shikamoo Bibi. Miaka yote napanga vitanda vya watu, hilo la ubavu wa kulia sikuwahi kulihesabia. Umeniongezea hoja ya kuwaambia wateja wabishi.

Dada_wa_Mingoyo

Bibi kamaliza. Pazia la mlango basi liwe zito.

MamaPacha_Chuno

Mrejesho, wakuu. Nailoni ilitoka usiku ule ule, chini yake palikuwa na unyevu wa kukamuliwa, nimeona aibu hata kusimulia. Chini kulikuwa na plaiwudi, seremala wa mtaani kaiondoa akaweka chaga, na sofa la miguuni kalikata. Nimemlipa kwa dresingi: binti yake anaolewa, akaichukua kwa kupunguziana. Kioo nimebakiza kidogo cha kupachika ndani ya mlango wa kabati.

Kitanda kimegeuka. Ukuta wa magharibi nimeushika saa tatu usiku kama fundi alivyosema, ni kweli, ni kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa. Kabati limesimama hapo sasa. Dirisha la kusini limefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu seti iingie, na pazia linacheza. Usiku wa kwanza nimeamshwa na adhana.

Mzee bado ana kiburi chake. Jana aliingia akasema anatafuta chaja. Akasimama kati ya kitanda na dirisha, akanyoosha mikono yote miwili kama anayepima, akatoka bila neno. Mkeka bado upo sebuleni. Ila asubuhi nimeukuta mto wake kitandani.

FundiMbao_Ligula

Safi. Baada ya wiki mbili bolti zikazwe tena, maana mbao mpya inajikunja. Kitanda kikianza kulia, paka mshumaa kwenye maungio.

KoroshoMbichi

Sisemi kitu.