Familia zikimalizana nyumbani, kesi ya mtoto inakufa?

Mdau wa Igoma: Wakuu naombeni msaada, binti wa dada angu ana miaka 13, kuna tajiri wa mitumbwi huku mwaloni alimbaka, kesi iko mahakamani, sasa wazee wa ukoo wameitwa kikao, wameletewa milioni mbili na ng'ombe wawili na karatasi kabisa "tumesameheana", dada analazimishwa asaini. Hivi kweli inakufa?

Kaka Mkubwa: Haifi. Angalia hati ya mashtaka, imeandikwa Jamhuri dhidi ya huyo jamaa, sio dada ako. Wa kuiondoa ni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), sio mjomba aliyekunywa soda kikaoni. Na chini ya miaka 18 hakuna cha "alikubali", ni kuanzia miaka 30 jela, akiwa chini ya 10 ni maisha.

Mama Dagaa: Kwenye makaratasi sawa, ila mtaani tunajua inavyokufa, mtoto anapandishwa meli Ukerewe kwa bibi, tarehe ikifika shahidi hayupo, inaahirishwa weee mpaka jamaa anatoka. Hela ndo inanunua hicho.

Kaka Mkubwa: Kweli mama. Asisaini, hiyo karatasi aipige picha aipeleke dawati la jinsia polisi, au apige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. PF3, ile fomu ya polisi ya hospitali, ipo? Maneno ya mtoto peke yake mahakama ikiyaamini yanatosha.

Mdau wa Igoma: Ipo. Tatizo ng'ombe washafungwa uani kwa babu tangu jana.