Kuhifadhi damu ya mbwa kabla ya kupima vimeng'enya vya ini

Swali: Habari za kazi, wenzangu. Kliniki yetu ya mifugo iko mbali na maabara, hivyo sampuli husubiri hadi siku mbili kabla ya kupimwa vimeng'enya vya ini, yaani ALT, AST na ALP. Je, niitie damu kwenye friza?

Jibu la kwanza: Ndugu, damu nzima usiitie kwenye friza kamwe, kwa sababu chembe nyekundu hupasuka na kumwaga AST iliyomo ndani yake, kipimo kikapanda kwa uongo, kisha mbwa mwenye ini zima akaanzishiwa matibabu asiyoyahitaji. Iache igande yenyewe (iwe donge, si barafu) kwa takriban nusu saa, izungushe kwenye mashine ya kutenganisha damu, uhamishie seramu (majimaji yanayojitenga na donge la damu) kwenye kichupa safi, kisha uiweke kwenye jokofu la nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa siku mbili hizo vimeng'enya hivyo hubaki imara vya kutosha.

Jibu la pili: Naafikiana nawe, ila aina ya chupa nayo ni muhimu sana. EDTA, kemikali inayotiwa kwenye baadhi ya chupa ili damu isigande, hunasa zinki na magnesi ambazo ALP huzitegemea, kwa hiyo kipimo chake hushuka kwa uongo hata kama sampuli imehifadhiwa vizuri.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Chupa zetu ni za EDTA. Nitaagiza za seramu leo hii.