Daftari linasema 287,000, mkononi nina 238,200: mweka hazina mpya wa klabu ya chuo, Tanga

MhaziniMpya

Waungwana, habari za jioni. Nimechaguliwa kuwa mweka hazina wa klabu ya mazingira chuoni kwetu hapa Tanga. Wanachama 64, ada 5,000 kila muhula. Nimepewa kauntabuku moja, bahasha ya risiti, taslimu 61,500, na 176,700 zimetumwa kwenye simu yangu. Jumla 238,200, lakini daftari linaonyesha salio la 287,000. Pengo ni 48,800. Kitabu cha stakabadhi hakuna, waliolipa ada wamewekewa tiki tu kwenye orodha.

Baada ya wiki tatu tunakwenda Mapango ya Amboni. Waliojiandikisha ni 34 na fedha zimeshaanza kuingia kwenye namba yangu binafsi. Naombeni mnielekeze: pengo nalianzia wapi, fedha zikae wapi, na bei ya safari inapangwaje? Mwenyekiti naye ameomba aazimwe 50,000 kutoka kwenye mfuko, atarudisha mwisho wa mwezi. Karatasi ya makabidhiano bado sijasaini.

BiHesabu

Vizuri sana kwamba hujasaini, mwanangu. Usisaini kwa 287,000. Saini kwa kile ulichokihesabu, na kihesabiwe mbele ya aliyekukabidhi na mtu wa tatu, katibu au mlezi wa klabu. Andikeni noti kwa noti, kwa mfano: 10,000 × 3, 5,000 × 4, 2,000 × 3, 1,000 × 4, sarafu za 500 × 3, jumla 61,500. Chini yake: "kwenye simu 176,700, kumbukumbu namba ya muamala ni hii". Halafu mstari unaojitegemea: "salio la daftari 287,000, tofauti 48,800, inafuatiliwa". Wote watatu wasaini na kila mmoja abaki na nakala.

Sasa litafute pengo, na usianze kwa kumshuku mtu. Anza na makato. Mhazini anayetumia simu husahau kuandika makato ya kutuma na kutoa, kwa sababu huandika fedha iliyomfikia aliyelipwa, si iliyotoka kwenye simu. Omba taarifa ya miamala ya namba iliyokuwa ikitumika, jumlisha makato yote, uyatoe kwenye pengo.

Kinachobaki kigawe kwa 9. Kikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa tarakimu mbili zimepishana wakati wa kuandika: 61,000 ikawa 16,000, au 94,000 ikawa 49,000. Tofauti ya makosa ya aina hiyo hugawanyika kwa 9 siku zote. Isipogawanyika, chukua nusu yake utafute kiasi hicho daftarini, kwani matumizi yakiandikwa upande wa mapato pengo huwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Ikishindikana na hapo, jumlisha upya kila ukurasa na uangalie salio la chini ya ukurasa kama ndilo lililohamishiwa juu ya ukurasa unaofuata. Hapo ndipo kauntabuku nyingi huharibikia.

Ukiliona kosa usifute kwa wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya namba iliyokosewa, ibaki inasomeka, andika sahihi pembeni, tarehe, saini yako. Wala usilizibe pengo kwa fedha ya mfukoni mwako. Daftari litakubaliana na kosa litabaki humohumo, na siku likionekana mtakuwa na ziada ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Kisichopatikana kabisa kipeleke kwenye kikao cha kamati, kiandikwe kwenye muhtasari kuwa ni upungufu uliokutwa wakati wa makabidhiano. Kitabu chako wewe kifungue kwa salio la kuanzia 238,200.

KakaWaChumbageni

Naongezea kuhusu mahali pa kuweka fedha. Namba yako binafsi iache leo, dada au kaka. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa hiyo kilichomo ni chako mbele ya mtandao. Simu ikipotea au ukiugua, klabu haina njia ya kukifikia. Isitoshe, ukijinunulia vocha kwa bahati mbaya umeshachanganya.

Bora ni akaunti ya benki kwa jina la klabu. Kwa kawaida utaombwa katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua watia saini, barua ya chuo, picha na vitambulisho vyao. Wekeni watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha. Angalieni mmoja wao awe mlezi, au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watatu wote wakiwa wa mwaka wa mwisho wataondoka pamoja na akaunti itafungika kwenu likizo nzima. Wakati mnasubiri benki, kuna huduma za vikundi za simu kama M-Koba, ambako mweka hazina peke yake hawezi kutoa fedha mpaka viongozi wenzake waidhinishe, na wanachama wanaona michango inavyoingia. Tofauti yake na namba binafsi ni kubwa sana.

Taslimu ibaki kidogo tu ya mambo ya haraka, tuseme 30,000, kwenye kisanduku chenye kufuli. Ikishuka unaijazia iwe 30,000 tena, na kiasi unachojazia lazima kilingane na risiti zilizomo. Wakati wowote taslimu pamoja na risiti ziwe 30,000. Makusanyo usiyaguse kabla hayajaingia benki, hata kama unadaiwa nauli ya bodaboda na fedha unayo mkononi. Yakiliwa njiani, taarifa ya benki haitalingana na stakabadhi zako kamwe.

Nunua kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni. Kama hakina namba, zitie kwa kalamu kuanzia 001 kabla hujakitumia. Ukikosea moja usiichane: andika "IMEFUTWA" na ubakize nakala zote mbili kitabuni. Waliotiwa tiki waite mmoja mmoja waonyeshe meseji ya malipo yao, halafu linganisha idadi yao mara 5,000 na mapato ya ada yaliyo daftarini.

Ombi la mwenyekiti lisikuweke njia panda. Mwombe aliandike, alipeleke kwenye kamati, na wewe usome kipengele cha matumizi kwenye katiba. Kama katiba haina mikopo, huna mamlaka ya kutoa, naye hana mamlaka ya kukuamuru. Mwambie hivyohivyo kwa heshima, na mapema, kabla hajaipangia kazi hiyo fedha.

Mwambao_Tours

Nijibu la safari. Amboni ni karibu, kama kilomita 8 kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa, ila bei huharibika kwa namna ileile ya safari ndefu: watu hugawa gharama kwa waliojiandikisha badala ya watakaolipa.

Tenganisha gharama katika mafungu mawili. Kuna zisizobadilika hata akija mtu mmoja, yaani gari, na betri za tochi, maana mle ndani ni giza. Tuchukulie gari 180,000 na betri 9,000, jumla 189,000. Ukigawa kwa 34 unapata karibu 5,600. Wakilipa 27 tu, umekusanya 151,200 na klabu imebeba 37,800. Kwa hiyo gawa kwa asilimia 80 ya orodha, watu 27: 189,000 ÷ 27 = 7,000. Hapo ndipo uongeze vya kila kichwa: kiingilio, chakula, maji. Maji ya watu 34, chupa mbili za nusu lita kila mmoja, ni chupa 68. Katoni 3 za chupa 24 zinatosha na zinabaki 4.

Wakija wote 34 utakuwa na ziada ya 49,000. Amueni sasa hivi, kwenye muhtasari, kama itarudishwa au itaingia mfukoni mwa klabu. Baada ya safari, maamuzi hayo huzaa maneno.

Kiingilio ulizia mapema na uombe bei ya kundi la wanafunzi. Ada za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, basi iombe kabla ya siku yenyewe ili usibebe rundo la noti. Mwenye gari mpe arbuni kwa maandishi: kiasi, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya gari, na nini kitatokea gari likiharibika. Weka siku ya mwisho ya kulipa, siku 5 kabla. Asiyelipa hayumo kwenye hesabu ya chakula.

Atakayeshika fedha za njiani apewe masurufu, yaani fedha ya kutumia ambayo baadaye ataitolea hesabu, kwa kusaini. Kama amepewa 150,000, ndani ya siku 3 arudishe risiti na chenji zinazotimia 150,000. Asiporejesha, asipewe masurufu mengine, hata akiwa nani. Mama lishe hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, kwa hiyo andaa hati ya malipo: jina lake, namba ya simu, sahani ngapi kwa bei gani, tarehe, saini au dole gumba. Ijaze palepale chakula kinapopokelewa, na mwanachama mwingine asaini kama shahidi.

MhaziniMpya

Ahsanteni sana, Bi Hesabu shikamoo. Makato yamefika 3,800, ikabaki 45,000, na inagawanyika kwa 9. Nimepitia risiti zote: kuchapa fulana ni 72,000, daftarini imeandikwa 27,000. Pengo limeisha lote. Tatizo, risiti hiyo ya EFD imefifia, kiasi kinaonekana kwa shida ukiielekeza kwenye mwanga. Mtu amenishauri niifanyie laminesheni.

BiHesabu

Marahaba mwanangu, kazi nzuri. Mwombe aliyekutangulia radhi kama kuna mtu alishamnyooshea kidole.

Laminesheni usithubutu. Karatasi ile inaandikwa kwa joto, si kwa wino. Ukiipitisha kwenye mashine ya moto inageuka nyeusi yote. Tafuta namba ya uhakiki iliyochapwa kwenye risiti, pamoja na saa ya mauzo. Zikisomeka, ingiza kwenye mfumo wa TRA wa kuhakiki risiti, uchapishe kinachotokea. Zisiposomeka rudi dukani na tarehe ya manunuzi uwaombe nakala. Kuanzia sasa kila risiti ya EFD itolee fotokopi siku ileile, ibane pamoja na nakala yake kwenye karatasi ya A4, uandike juu namba ya ukurasa na ya mstari wa daftari. Usizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, wala juani dirishani.