Mtoto wa moyo ananyonya kidogo tu anachoka, nifanyeje?

MamaShadia_Arua
Wapendwa naomba msaada, mtoto wangu ana miezi miwili, walimpima moyo wakakuta tundu kati ya vyumba vya chini, sasa yuko kwa dawa ya kupunguza maji mwilini na tunangoja kurudi Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, kwa watu wa moyo. Shida ni kunyonya. Anavuta kidogo, jasho linamtoka kipajini, anapumua mbio mbio halafu analala titi likiwa mdomoni, kidogo tu analia njaa tena. Kilo hazipandi. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi eti nimpe ya ng'ombe 😔

sista_mstaafu
Mwanangu maziwa yako hayana kosa. Lile tundu linarudisha damu nyingi kwenye mapafu, ndo maana anahema, kunyonya kwake ni kama kupanda mlima na mzigo kichwani. Na anachoma chakula kuliko wenzake, mtoto mwenye moyo mzima anatosheka na kalori kama 100 kwa kila kilo kwa siku, hawa wenye tundu kama lake wanafika 120 hadi 150. Mnyonyeshe kidogo kidogo kila masaa 2 au 3 hata usiku, kichwa kiwe juu, na ikifika nusu saa acha, ukilazimisha anapoteza nguvu nyingi kuliko anayopata. Kamua kwanza yale ya mwanzo ndo anyonye ya nyuma yenye mafuta, uliyokamua umpe kwa kikombe. Ya ng'ombe hapana kabisa, figo zake bado changa.

BabaK
Naongezea, dakitari akisema awekwe mpira wa puani unaopeleka maziwa tumboni kubali dada. Sisi tuliogopa sana, majirani walisema mtoto ndo anaondoka, kumbe anameza anachoweza kinachobaki kinapita kwa mpira akiwa amepumzika, akaanza kunenepa. Uliza pia kama maziwa yaongezwe nguvu, ila usichanganye kitu mwenyewe.

MamaShadia_Arua
Mungu awabariki. Sina friji, niliyokamua yanakaa muda gani?

sista_mstaafu
Masaa 4 yasizidi, na joto la huko bora umpe mapema zaidi. Funika vizuri, kikombe ukichemshe. Akipimwa kilo kila wiki hapo kituo cha afya utajua kama inasaidia. Midomo ikigeuka bluu, akikataa titi kabisa au mkojo ukipungua usingoje siku ya kliniki, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.