Bima ya maisha: ni mimi tu ninayeona kama najichuria?

Fundi wa Bombo
Salamu zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda, mama wa watoto watatu. Nimekulia kota za jeshi, kwa hiyo mnivumilie na Kiswahili changu cha kambini.

Wiki jana alikuja wakala wa bima kibandani kwangu, kijana ambaye sare zake za shule nilimshonea mimi. Akaanza na bima ya moto: cherehani mbili, ovaloki, pasi, vitambaa vya wateja. Hapo sikusumbuka hata kidogo. Soko la Owino kule Kampala liliungua 2009, likaungua tena 2011, na 2013 tena. Nani wa kubisha?

Kisha akafunua karatasi ya pili. Bima ya maisha, shilingi 40,000 kwa mwezi. Jina, umri, magonjwa, nikajibu yote. Tukafika kwenye mstari ulioandikwa "mnufaika". Nikamwuliza ndiyo nini. Akasema bila kupepesa, "Mama, huyo ndiye atakayechukua pesa ukishaondoka." Niondoke niende wapi, na gauni la harusi la Jumamosi halijatiwa zipu?

Nilitaka kuandika jina la binti yangu mkubwa, ana miaka 16. Mkono ukakataa. Nikamwambia arudi siku nyingine. Tangu hapo kila nikipanda teksi ya Kampala naiwaza ile karatasi, na dereva akikata kona kwa kasi nashika kiti. Marehemu bibi yangu alikuwa hataki baya litajwe ndani ya nyumba, eti litasikia limeitwa. Lakini kwenye munno mukabi, kikundi cha kusaidiana cha mtaani kwetu, natoa 5,000 kila Jumapili, pesa ya misiba hiyohiyo, wala moyo haunidundi. Sasa hii ya karatasi inanitisha nini?

Boda wa Wandegeya
Dada, sisi wa bodaboda tunakata ile bima ya lazima kwa kuwaogopa trafiki tu, uchuro hatuuwazi. Ila wengi hawajui kuwa inamlipa uliyemgonga. Wewe mwenyewe na mguu wako haikujui. Mimi nilijifunza nikiwa tayari na plasta mpaka kwenye paja, miezi minne, mama watoto anakaanga chapati ndiyo tunakula. Tia saini.

Mahindi Masindi
Kabla ya saini soma maandishi madogo. Mimi nilikata bima ya ukame, ile ya mpango ambao serikali inamlipia mkulima mdogo nusu. Jua likapiga mpaka mahindi yakajikunja. Kumbe malipo yanafuata vipimo vya setelaiti, na setelaiti iliona mvua. Shamba langu haikuliona. Nilikasirika, lakini msimu uliofuata nilikata tena, sijui kwa nini.

Abu Salim
Dada yangu, huenda roho inakataa kwa sababu nyingine. Bima ya kawaida ina gharar, yaani kubahatisha, na riba. Kwenye takaful, bima ya Kiislamu, wenyewe mnachangia mfuko wa kusaidiana, kama hiyo munno mukabi yako, na Sheria ya Bima ya 2017 imeipa nafasi hapa Uganda. Ulizia. Na huyo kijana mwambie akuonyeshe leseni yake, wakala wa kweli anayo.

Mama Arua
Wewe ni fundi. Hujawahi kukata sanda ya mtu aliye hai?

Fundi wa Bombo
Mama Arua, umenikamata. Nimekata. Miaka sita iliyopita mama mkwe aliniletea bafta, nikamkatia vipande vyake vitano, akavikunja na udi ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mwaka juzi alivitoa avianike maana vilishika unyevu, akanigombeza mbele ya wageni kuwa kipande cha kichwa nilikipunja. Mpaka leo anachuma mchicha wake mwenyewe.

Kwa hiyo si kifo. Nimekaa na swali lako usiku mzima, nikagundua ni lile neno. Mnufaika! Mwanangu anufaike na mimi kulala kaburini? Kwenye munno mukabi hakuna anayenufaika. Wanakuja na masufuria na turubai, wanalia na wewe, wanaosha vyombo, wanaondoka. Abu Salim, nitaulizia takaful, lakini sidhani kama nilikuwa nawaza riba.

Leo asubuhi nimeitoa ile fomu kwenye droo ya vifungo. Nimechora mstari juu ya "mnufaika", nikaandika pembeni "mwanangu", kisha jina lake. Nimempigia kijana. Anasema fomu iliyochorwa kampuni haitaipokea, ataniletea nyingine Ijumaa.