Arsenal wa pili mara tatu mfululizo, Tottenham wa 17 na kombe mkononi: wewe ungechagua kipi?

Mshika Bunduki wa Mbagala (Jumatatu, 26 Mei 2025)
Wakuu, habari za asubuhi. Ligi ya Uingereza imefungwa jana. Liverpool pointi 84, sisi Arsenal 74, wa pili. Msimu wa 2022/23 tuliongoza ligi siku 248 tukamaliza wa pili. Uliofuata tukapata pointi 89, Manchester City wakapata 91. Wa pili tena.

Sasa mtazame jirani yetu Tottenham. Wa 17. Wamefungwa mechi 22, na jana nyumbani kwao Brighton kawapiga 4-1. Lakini Jumatano iliyopita walimfunga Manchester United goli moja kule Bilbao, kombe la Europa likaenda kwao. Mwaka huu sisi tulimpiga Real Madrid nje ndani, jumla 5-1, na kabatini hakuna kitu.

Swali: miaka mitatu ya kucheza vizuri na kuwa wa pili, au mwaka mmoja wa aibu wenye kombe? Naomba hoja, matusi pelekeni kwingine.

Kinyozi wa Tandika
Kombe. Mteja akitoka kwangu, mtaani hawaulizi mashine ilikuwa inalia vizuri kiasi gani. Wanatazama kichwa.

Mhasibu Mstaafu
Si rahisi hivyo, kijana. Wigan walichukua Kombe la FA mwaka 2013 kwa kumfunga Manchester City, siku tatu baadaye wakashuka daraja, na Ligi Kuu hawajarudi mpaka leo. Kombe ni siku moja. Kumaliza juu kila mwaka ndiko kunakoleta fedha za Ulaya, ndiko kunakomfanya mchezaji mzuri akubali kuja. Mnaosema kombe tu hamjawahi kuendesha hata kibanda cha chipsi.

Kinyozi wa Tandika
Mzee wangu, shikamoo. Kibanda cha chipsi nilikuwa nacho. Miaka miwili, Temeke Mwisho. Uliza kwanza.

Anfield ya Ubungo
Msimu wa 2018/19 Liverpool tulipata pointi 97, tukafungwa mechi moja tu, kule kwa City, tukawa wa pili. City 98. Katika mechi hiyo beki wao Stones aliokoa mpira ukiwa umebakiza milimita 11 na ushei uvuke mstari wote. Mtu anionyeshe milimita 11 kwenye rula, halafu aniambie timu iliyokosa hizo imeshindwa.

Jangwani Damu
Anfield, mbona umesahau kusema wiki chache baadaye mlichukua kombe la Ligi ya Mabingwa Ulaya? Ndiyo maana unaongea ukiwa umeshiba.

Mimi nina moja tu. Mashabiki wa Arsenal na mashabiki wa Simba ni baba mmoja mama mmoja. Huyu anahesabu siku alizoongoza, yule anahesabu robo fainali. Simba tunamwita Mwakarobo kwa kuishia robo fainali; jana kapoteza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa Berkane ya Morocco, kapanda cheo, sasa anaitwa Mwakafainali. Hongereni kwa kushiriki.

Msimbazi Hadi Kaburini
Niko Malindi bandarini, Zanzibar, nasubiri boti, sijalala, sauti sina, na jambo la kwanza nafungua simu nakutana na huyu.

Uto, wewe wa Yanga ndiye wa kuongelea fainali? Fainali ya Shirikisho 2023 USM Alger aliwafunga 2-1 hapo hapo kwa Mkapa, uwanja wa Dar. Mkaenda Algiers mkashinda 1-0, haikusaidia kitu. Mkarudi, mkaitwa Ikulu, mkala. Kombe lilikuwa wapi? Mlikuwa mnaliangalia kwenye simu huku mnatafuna?

Jangwani Damu
Sisi tulitoka 2-2. Hatukufungwa ile fainali, tulitolewa na magoli ya ugenini kuhesabiwa zaidi jumla zikilingana, sheria ambayo Ulaya waliitupa tangu 2021. Nyie jumla 3-1 kutoka kwa Berkane. Usifananishe. Na Ikulu tuliitwa, hatukujipeleka.

Chumvi Kidogo
Nje ya mada: ilikuwa pilau au biriani?

Jangwani Damu
Wivu.

Msimbazi Hadi Kaburini
Mtu anakwenda kula chakula cha Rais na medali ya mshindi wa pili shingoni, halafu leo ananiambia mimi "hongera kwa kushiriki". Kwa hiyo wa pili wa Jangwani ni shujaa na wa pili wa Msimbazi ni mshiriki? Nijibu hilo.

Na jana tungecheza kwa Mkapa tungeongea mengine. Mutale kafunga dakika ya 17, watu wa Berkane wakaanza kutetemeka. Mechi imehamishwa, kadi nyekundu, goli limekataliwa. Mungu anaona.

Bi Mkubwa wa Chumbuni
Hapo sasa umenigusa. Nyinyi watu wa bara mna taabu kweli. Nusu fainali na Stellenbosch mlicheza hapa hapa Amaan, mkashinda moja bila, tukaimba nanyi, hakuna aliyesema habari ya uwanja. Mkifungwa ndiyo mnakumbuka Mkapa. Huko Morocco mlikopigwa mbili nako ni Amaan? Uwanja wetu uacheni. Na kabla hujapanda boti ungesema ahsante, watu wamewalaza majumbani mwao.

Msimbazi Hadi Kaburini
Samahani, Bi Mkubwa. Ahsanteni, na chai ya asubuhi nimeinywa. Sijaukashifu uwanja. Nilikuwa najibu hiki kiumbe cha Jangwani.

Kinyozi wa Tandika
Kiumbe 😂

Mshika Bunduki wa Mbagala
Jamani, mimi nimeuliza Arsenal.

Kogalo wa Kondele
Majirani, nimewasoma kutoka Kisumu nikacheka hadi nikamwaga chai. Mnagombania medali za fedha. Niulize tu, kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, nani ana kombe la Afrika la klabu? Gor Mahia. Esperance, 2-2 Tunis, 1-1 Nairobi. Nadhani ilikuwa 86.

Mhasibu Mstaafu
Ni 1987. Kombe la Washindi, wakati huo likiitwa la Mandela.

Kogalo wa Kondele
87, asante mzee. Na huyu wa Jangwani anayelia na magoli ya ugenini, hayo hayo ndiyo yaliyotupa sisi kombe. Hakuna mtu Kisumu anayekumbuka kwamba mechi zote mbili zilikuwa sare. Watu wanakumbuka kombe.

Msimbazi Hadi Kaburini
Na 2019, robo fainali, Berkane hawa hawa waliwapiga 2-0 Nairobi na 5-1 kwao. Saba. Sisi jana tatu. Kaa kwa kutulia, jirani.

Kogalo wa Kondele
Saba ni kweli. Nimekubali. Lakini kombe lipo.

Anfield ya Ubungo
Hili la Gor ndilo swali lenyewe, bora kuliko la Arsenal. Kombe moja la 1987, au Simba wa robo fainali karibu kila mwaka tangu 2019?

Mhasibu Mstaafu
Ahsante. Sasa nisikilizeni kidogo. CAF, shirikisho la soka Afrika, wanahesabu pointi za klabu za kila nchi kwa miaka mitano. Nchi 12 za juu ndizo zinazopeleka timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho. Tanzania tumo, na hatukuingia kwa kombe, maana hatuna. Tumeingia kwa hizo hizo "Mwakarobo" za Simba, na fainali ya Yanga. Msimu huu Coastal Union wa Tanga wamecheza Afrika kwa sababu hiyo. Isitoshe, wa pili wa Shirikisho anaondoka na dola milioni 1, bingwa milioni 2. Kuna watu hapa wanaongea kama hesabu ya darasa la tatu iliwapita.

Jangwani Damu
Coastal wenyewe walitolewa na Bravos raundi ya kwanza.

Chumvi Kidogo
Mzee, darasa la tatu unamsema nani?

Kinyozi wa Tandika
Ametutukana wote. Kwanza chipsi, sasa hesabu. Mzee huyu ana dharau, na nimemwamkia.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba, nilisahau kuitikia. Lakini hakuna aliyejibu hoja.

Kinyozi wa Tandika
Nitajibu. Azam walichukua ubingwa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Ubingwa kamili, wa kuchukua, si wa milimita. Niambie lini umesikia mtu kwenye daladala anausimulia. Kwa hiyo hata kombe si kitu kama hauna watu wa kulipigia kelele.

Jangwani Damu
Sisi 2021/22 tulichukua bila kufungwa na watu wakapiga kelele. Mechi 49 za ligi.

Msimbazi Hadi Kaburini
49 mpaka Ihefu akawakata 2-1 kule Mbarali. Mlikuwa mnazihesabu kama mjamzito anahesabu miezi. Lile halikuwa kombe, mbona mlilihesabu? Unaona sasa, na wewe unahesabu visivyo na kabati.

Jangwani Damu
Nilikuwa nahesabu nikiwa bingwa. Kuna tofauti ya anayehesabu hela zake na anayehesabu hela za benki akiwa dirishani.

Bi Mkubwa wa Chumbuni
Hii nzuri, lazima niseme.

Msimbazi Hadi Kaburini
Tumeshaondoka, mtandao unakatika. Niseme hili moja halafu nilale.

Marehemu baba alikuwa Uwanja wa Taifa 1993. Simba ametoka sare Abidjan bila magoli, kilichobaki ni kumfunga Stella nyumbani tu. Tukapigwa mbili. Mpaka anaondoka duniani mzee hakuwahi kutamka neno "fainali". Alisema "ile siku". Mama akimtuma sukari akirudi mikono mitupu anasema nimechoka leo, nimekuwa kama ile siku. Nimeisikia ile siku miaka yote, na kila mara akiisimulia timu inacheza vizuri zaidi kuliko mara iliyopita.

Jana, Berkane aliposawazisha dakika za majeruhi, niligeuka kumtafuta. Basi. Hamna hoja hapo, Mhasibu.

Mhasibu Mstaafu
Hamna, mwanangu. Pole.

Jangwani Damu
Pole, ndugu yangu. Kwenye hilo sina neno. Kesho naendelea.

Chumvi Kidogo
Lakini hakuna aliyesema ilikuwa pilau au biriani.

Mshika Bunduki wa Mbagala
Kwa hiyo nimeanzisha mada ya Arsenal, nimejibiwa Azam, Ihefu, chipsi na pilau. Hakuna hata mmoja aliyesema angependa kuwa Tottenham?

Anfield ya Ubungo
Tanzania nzima hakuna shabiki wa Tottenham, utamuuliza nani? Mimi sijawahi kumwona.

Kogalo wa Kondele
Kenya wapo. Victor Wanyama wetu alicheza huko. Nawajua wawili, na mmoja amejificha tangu Agosti.

Msimbazi Hadi Kaburini
Nimefika Dar. Mtaniona mwongo: hapa getini, upande wa teksi, kuna jamaa amevaa jezi ya Tottenham. Nyeupe, jogoo kifuani.

Mshika Bunduki wa Mbagala
Usimwache! Muulize anajisikiaje. Wa 17 na kombe. Muulize angebadilishana na sisi?

Msimbazi Hadi Kaburini
Nimemuuliza. Anasema ni ya mtumba, kainunua Karume elfu tatu. Yeye Yanga.