Kuwaeleza wazazi urithi wa selimundu kwa vitu vya kushika
Muuguzi, Jinja: Ndugu zangu, hapa Uganda takriban asilimia 13 ya watoto waliopimwa walikutwa na jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (mwenye jeni moja kwa kawaida haugui, anayerithi mbili huugua), lakini baadhi ya wazazi huamini kwamba mtoto mmoja akiugua, watatu wanaofuata watakuwa salama. Nitumie kifaa gani kuwaelewesha?

Mwalimu, Mbale: Katika kila mmoja wa mifuko miwili, weka idadi sawa ya shanga nyekundu (jeni ya selimundu) na nyeupe (jeni ya kawaida), zenye chipu, kila mzazi achote moja bila kutazama, aiweke juu ya meza yenye vihisi vinavyosoma chipu ili skrini ionyeshe matokeo, kisha airudishe. Kurudisha ndiko muhimu: wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo, kila mimba hubaki na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Fundi, Kampala: Naafiki kabisa. Mifuko ya wazazi wote wawili ilingane, ionekane kwamba jeni hutoka kwa wote, kwa sababu lawama humwangukia mama, jambo linaloniumiza sana.